Anayeshindwa Amchukue Mama

Klabu ya sataranji ilikuwa na chumba kimoja juu ya duka la vigae, na Jumamosi mchana chumba hicho kilinuka chai na vumbi la saruji. Ukutani, juu ya sinki, Katibu wa klabu alikuwa ameandika kwa rangi ya mafuta: ASIYEKUBALI KUSHINDWA SI MSHINDANI. Herufi za mwisho zilibanana, kwa sababu ukuta uliisha kabla ya methali. Chini ya maneno hayo, kwenye meza ya dirishani, walikaa ndugu wawili wa tumbo moja. Kati yao kulikuwa na ubao, saa ya mchezo yenye kitufe kinachokwama, vikombe viwili, na neno moja walilokuwa wamekubaliana mlangoni wakivua makoti: anayeshindwa amchukue mama.

Kaka mtu alikuwa fundi wa lifti. Mdogo mtu alikuwa mpima macho, na pale klabuni walimwita Daktari ingawa hajawahi kumdunga mtu sindano. Wote wawili walikuwa wachezaji wa kawaida tu, wa kucheza Jumamosi, si wa kusafiri kwenda kwenye mashindano. Watu wanaojua namna moja ya kuanza mchezo na wameshaichoka, wanaoshinda kwa sababu mwenzao alikuwa anawaza kitu kingine. Walicheza pamoja tangu utotoni, na ukiwauliza nani amemfunga mwenzake zaidi walikuwa wakicheka na kusema hatuhesabu. Uongo. Walihesabu, ila kila mmoja alikuwa na hesabu yake.

Jambo la mama lilikuwa hivi. Macho yake yalikuwa yanakwenda. Mdogo mtu mwenyewe ndiye aliyempima, akakuta anaona pembeni lakini katikati haoni: ukikaa mbele yake anaona masikio yako na kiti ulichokalia, uso wako hauoni. Alikuwa ameshaacha jiko likiwaka akidhani amelizima, na si mara moja. Tena mwenye nyumba alikuwa amemwambia, kwa heshima zote, kwamba mwisho wa mwezi anaitaka nyumba yake, mwanawe anaoa. Kwa hiyo ilibidi mama aende kwa mmoja wa wanawe. Nao, bahati nzuri, walikaa jengo moja: kaka mtu ghorofa ya pili, mdogo mtu ghorofa ya tatu, mlango juu ya mlango.

Mtu angedhani jambo limekwisha hapo. Wapi! Kaka mtu alikuwa na chumba cha ziada, lakini kilijaa vitufe vya lifti, nyaya zilizokunjwa, na mota moja ambayo aliapa kila mwaka kwamba ataitengeneza. Mdogo mtu alikuwa na mapacha wachanga na mke ambaye hakuwa amelala sawasawa tangu wazaliwe. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na kila mmoja aliiona sababu ya mwenzake ni nyepesi. Mzigo wa mwenzio, jamani, kanda la usufi. Walizungumza kwenye simu, wakazungumza ngazini, na wake zao wakazungumza kwa kubamiza milango. Mwishowe kaka mtu akasema, tuache maneno mengi, tucheze. Mdogo mtu akasema sawa. Siku ile hakuna aliyeona aibu. Aibu ilikuja baadaye, wakati haikuwa na kazi tena.

Mchezo ulikuwa mrefu na haukuwa mzuri. Malkia wote wawili walitolewa mapema. Ikafika mahali kaka mtu amebaki na mfalme, ngome na askari mmoja ukingoni, na askari huyo alikuwa amebakiza hatua mbili tu afike mwisho wa ubao ageuke malkia. Mdogo mtu alikuwa na mfalme na ngome, basi, na kazi yote ya ile ngome ilikuwa kumtishia mfalme wa kaka yake kutoka nyuma, huyu akihama na yule akimfuata. Lakini njia ilikuwepo. Mfalme angekaa nyuma ya ngome yake mwenyewe, vitisho vikaisha, askari akaingia. Kaka mtu aliiona njia hiyo. Mkono wake ukasimama juu ya mfalme bila kumgusa.

Akawaza: nikishinda, mimi ndiye mtoto aliyepiga hesabu, akamsukumia mdogo wake mwenye watoto wachanga mama yao mzazi. Watu watasema. Aliwaza watu, wala hakumwaza mama. Upande wa pili mdogo mtu alikuwa na jambo rahisi zaidi. Angeweza kumlaza mfalme wake ubaoni, kama wafanyavyo wachezaji wanapokubali, akasema, yamekwisha kaka, nitakaa naye mimi. Hewala si utumwa. Mkono wake uliondoka kwenye goti, ukaja mpaka mezani, ukafika karibu kabisa na mfalme. Ukachukua kikombe.

"Sare?" kaka mtu akasema.

"Sare," mdogo mtu akajibu, neno la mwenzake hata halijatua.

Wakapeana mikono. Pale klabuni walikuwa na desturi: mchezo ukiisha sare, kete zote zinarudi kisandukuni isipokuwa wafalme wawili, ambao husimamishwa katikati ya ubao, bega kwa bega, mpaka wachezaji wamalize chai. Walimaliza chai. Walikuwa na furaha, tusiwafichie. Walishuka ngazi za klabu wakitaniana kuhusu ule mwendo wa farasi wa mwanzoni. Katibu alipokuja kuwaondoa wale wafalme, hawakutoka. Alijaribu kwa mkono, akajaribu kwa kisu cha kupakia siagi. Kisha akauweka ubao mzima juu ya kabati na kwenda kutafuta mwingine.

Kosa lao ni kosa ambalo wachezaji wa sataranji tu ndio wangelifanya. Walidhani sare ni jibu.

Walimkuta mama nyumbani kwake anakunja mapazia. Maisha yake yote alifanya kazi ofisi ya simu, enzi za kuunganisha watu kwa kuchomeka waya, na mpaka leo mtu akinyamaza mbele yake alingoja kidogo, kisha akasema haloo.

"Haya, mmeamuaje?" akawauliza, akageuza uso pembeni ili awaone.

"Tumetoka sare, mama," kaka mtu akasema.

"Sare ndiyo nini?"

"Ni kwamba hakuna aliyeshindwa."

"Kumbe mlikuwa mnashindana." Mama akalainisha pindo la pazia kwa kiganja. "Na mimi nakwenda wapi?"

Wakatazamana.

"Haloo?" mama akasema.

"Tutapanga, mama," mdogo mtu akasema. "Usiwe na wasiwasi."

Mwisho wa mwezi ulifika kabla hawajapanga. Wapagazi wawili wakafika na kitanda cha mama mpaka chini ya ngazi, wakauliza ghorofa ya ngapi. Kaka mtu akaonyesha juu kwa kidevu. Mdogo mtu akamwonyesha kaka yake. Wapagazi wakapanda mpaka ya tatu. Mke wa mdogo mtu alikuwa amesimama mlangoni, pacha huku na pacha huku. Hakusema hapana, ila hakusogea. Wakashuka mpaka ya pili. Mke wa kaka mtu akasema karibuni, karibuni sana, lakini mlango wa kile chumba ulifunguka nusu, ukagonga mota. Wakakiinua kitanda, wakapanda tena, wakitukana kwa sauti ya chini.

Katika safari hiyo, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, walikuta ghorofa nyingine. Ilikuwa na kibaraza kidogo, mlango mmoja wa kijani, na chumba kimoja chenye dirisha. Wapagazi hawakuuliza; kitanda kilikuwa kizito. Wakakiingiza, kikaenea. Mama akaja nyuma yao, akapapasa kuta zote nne, akauliza kama kuna mtu ana misumari ya kutundikia pazia.

Msimamizi wa jengo alikuja jioni. Akaitazama ghorofa mpya, akasema yeye hakuarifiwa, na sasa ana kibaraza kimoja zaidi cha kufagia kwa mshahara uleule. Kisha akauliza balbu ya pale ataweka nani. Kaka mtu akasema mdogo wangu. Mdogo mtu akasema kaka yangu. Kibaraza kikabaki giza, na mama akasema kwake haina tofauti kubwa. Wapangaji wengine walizoea upesi, isipokuwa bwana mmoja wa juu kabisa aliyelalamika kuhusu magoti yake.

Kaka mtu alimsikia mama juu ya dari: ndara zikiburuzwa, kiti kikisogezwa. Mdogo mtu alimsikia chini ya sakafu: kikohozi, redio, maji yakimiminwa. Walijua vizuri sana alipo, lakini masikio nayo yana akili zake. Kaka mtu, akisikia nyayo juu, aliona kabisa kwamba mama yuko kwa mdogo wake. Mdogo mtu, akisikia kikohozi chini, aliona mama yuko kwa kaka. Kwa hiyo wote walilala vizuri, kila mmoja akijua kwamba mama ana mtu.

Chakula ndicho kilichowaumbua. Siku nyingine mama aliletewa sahani mbili kwa mpigo, na wake wawili wakagongana kibarazani gizani, kila mmoja na sahani yake na salamu yake ya baridi. Siku iliyofuata hakuletewa hata moja, kwa sababu jana zilikuwa mbili. Mama hakunung'unika. Alijifunza: zikija mbili, moja anaifunika. Mdogo mtu aligundua hivyo siku alipopita kumwekea dawa ya macho, akamkuta anakula chakula kilichokauka mpaka kijiko kinakwaruza. Akasimama pale na kichupa mkononi.

"Mama, mbona hukuita?"

"Nimwite nani?" mama akauliza. Hakuuliza kwa hasira, alitaka kujua.

Mdogo mtu akaweka kichupa mezani, akamshika mkono. "Twende juu, mama. Twende sasa hivi." Wakatoka, wakapanda ngazi, wakakata kona, wakapanda tena, wakafika kwenye mlango wa kijani. Mama akapapasa fremu ya mlango. "Ni hapa hapa kwangu," akasema. Wakapanda mara ya pili, mara hii mdogo mtu akihesabu ngazi kwa sauti, na hesabu ikaishia kwenye mlango wa kijani. Mama alikuwa anahema. Akaomba arudi akamalizie chakula chake.

Kaka mtu alipoambiwa, akaenda kumshusha. Wakashuka, wakashuka, mlango wa kijani. Yeye hakuhangaika sana. Maishani mwake alikuwa amewatoa watu wengi kwenye lifti zilizokwama. Akamkuta mdogo wake amekaa kwenye ngazi, kichwa mikononi.

"Kitu kikikwama kati ya ghorofa mbili hakitoki kwa kusukumwa," akamwambia. "Lazima kwanza kijue kinaelekea wapi."

"Sasa?"

"Sasa mimi nasema nilishindwa. Na wewe sema ulishinda. Twende kwa Katibu tukaseme hivyo, mama ashuke kwangu, yaishe. Ile mota nitaitoa."

Mdogo mtu akatikisa kichwa. "Nikisema nilishinda, nimesema mimi ndiye niliyemkataa."

"Si maneno tu?"

"Kama ni maneno tu, sema wewe ndiye uliyeshinda. Mbona ulikuwa umeshinda kweli? Mfalme nyuma ya ngome. Niliona."

 Siku zote hizo kaka mtu alikuwa akidhani njia ile aliiona peke yake, na kwamba ile sare ilikuwa zawadi yake kwa mdogo wake. Alikaa naye kwenye ngazi. Mtu akapita na ndoo, wakampisha.

Wakaingia kwa mama pamoja, wakakaa kitandani, mmoja huku na mmoja huku, kama enzi zile wakiwa wamevunja kitu. Wakamweleza yote: askari wa ukingoni, mfalme, kikombe. Wakamweleza na sharti, ambalo hawakuwa wamewahi kumtamkia.

"Anayeshindwa amchukue mama," mama akarudia polepole, kama namba ya simu ambayo hataki kuikosea.

"Ndiyo, mama."

"Na hamkufikiria kusema anayeshinda?"

Hawakufikiria. Halikuwapitia hata kichwani. Kaka mtu akatazama sakafu, ambayo ilikuwa dari yake. Mdogo mtu akatazama dari, ambayo ilikuwa sakafu yake. Waliona uchungu wote wawili, uchungu wa kweli, na kila mmoja alingoja mwenzake aseme kitu.

"Tutarudia mchezo," kaka mtu akasema mwishowe. "Jumamosi hii. Anayeshinda ndiye."

"Kweli?"

"Kweli, mama," mdogo mtu akasema. "Anayeshinda."

Mama akafurahi. Hilo ndilo baya zaidi katika habari hii yote: alifurahi. Jumamosi aliamka akavaa gauni lake la kutokea, akavaa na viatu, akavifunga kamba kwa kupapasa. Akashusha pazia, akalikunja, akalitia sandukuni. Walipopita kumuaga walimkuta amekaa kitini, sanduku miguuni, mikono juu ya mapaja.

"Chezeni vizuri," akawaambia.

Mvua ilikuwa inanyesha, na klabu ilikuwa na watu wachache. Walikaa kwenye meza ileile. Katibu akawaletea ubao mpya, akabandika sufuria ya chai jikoni, akarudi kusimama karibu, kwa sababu safari hii habari ilikuwa imemfikia. Kaka mtu alipata kete nyeupe. Akatoa farasi. Mdogo mtu naye akatoa farasi.

Kaka mtu akautazama ubao. Mbele ya mfalme wake kulikuwa na askari aliyekuwa akimsogeza hatua mbili katika kila mchezo tangu akiwa mtoto. Alijua kinachofuata, na kinachofuata hapo. Alijua kwamba mdogo wake, akiwa na wasiwasi, hulinda vibaya upande wa kushoto. Angeweza kushinda. Akamwona mama kitini na sanduku lake. Kisha akakiona kile chumba, vitufe vyote vile, mahali pa kuvihamishia, mota, mke wake akiuliza ni kwa muda gani. Mkono wake ukamchukua farasi, ukamrudisha alikotoka.

Mdogo mtu akashusha pumzi. Naye akamrudisha farasi wake.

Kaka mtu akatoa farasi. Mdogo mtu akatoa farasi. Kaka mtu akamrudisha, mdogo mtu akamrudisha. Kete zote zilikuwa zimesimama kama zilivyopangwa mwanzo, na ilikuwa mara ya tatu. Kanuni inasema hali ya ubao ikijirudia mara tatu mchezaji anaweza kudai sare. Hakuna aliyehitaji kudai. Mikono yao ilikutana juu ya ubao bila wao kuinua macho. Chai haikuwa imechemka bado.

Waliwasimamisha wafalme wawili katikati, wakavaa makoti. Katibu hakujaribu hata kuwagusa. Aliuchukua ubao akauweka juu ya kabati, kando ya ule wa kwanza, akaenda kuzima jiko.

Walirudi kwa miguu kwenye mvua. Kaka mtu alitaka kusema turudi tukacheze tena, na alikuwa amelishika neno hilo mdomoni tangu kona ya kwanza mpaka kwenye lango la jengo. Mdogo mtu alikuwa analia kidogo, na mvua ikamsaidia. Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Haya yalikuwa yanatembea nao mguu kwa mguu, na bado hayakumrudisha hata mmoja wao klabuni.

Mlango wa kijani ulikuwa wazi. Mama alikuwa kitini, kama walivyomwacha. Akasikia nyayo zao, akageuza uso pembeni, akanyoosha mkono mmoja kushika mpini wa sanduku.

"Nani kashinda?"

Maji yalidondoka kutoka kwenye makoti yao. Dirisha halikuwa na pazia, na mwanga ule mchache wa nje uliingia wote.

"Haloo?" mama akasema.

"Tumetoka sare, mama," kaka mtu akasema.

Mama akauachia mpini. Kisha akainama, akatafuta kifungo cha sanduku kwa vidole, akakifungua, akaanza kulitoa pazia.

"Haya," akasema. "Wewe shuka polepole, na wewe panda polepole. Ngazi zimelowa."

Mmoja akashuka, mmoja akapanda, wote wakipapasa ukuta, kwa sababu balbu ya kibaraza bado hakuna aliyeiweka.